Chumvi Katika Kopo la Fundi Bomba

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tumbo linamsokota, mdomo una ladha ya chuma, na tayari amempata wa kumlaumu. Mimi nilimpata wangu mapema. Nilimshuku mama mkwe kabla sijashuku maji, mbu wala mihogo michungu, na nilimshuku kwa bidii ambayo ningeitumia shambani ningelima ekari nzima. Sasa nina nguvu za kushika kalamu, jambo ambalo kwa muda mrefu sikuliweza, kwa hiyo nieleze yalivyokuwa. Mambo ya kitabibu sitayagusa, maana siyajui na walionitibu hawakupata nafasi ya kunifundisha.

Wakati huo tulikaa Arua mjini, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mume wangu, Anguzu, alikuwa fundi bomba. Kwao ni Ayivu, karibu na mji kiasi kwamba mama yake aliweza kuja kwetu kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Mimi nimetoka upande wa pili wa mpaka, Aru ya Kongo, kwa watu wa biashara. Baba alikuwa akivusha vitenge na samaki wa chumvi hadi soko la Arua, na huko ndiko Anguzu aliponiona. Mkwe hakunipenda. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alinitazama tu, kuanzia miguuni kwenda juu, kila alipoingia. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu Kilugbara changu kilikuwa cha kununulia nyanya.

Ilikuwa miaka ya kutazamana. Maduka yalikuwa yamebadilisha wamiliki, sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika, na watu nao walipotea bila mtu kuuliza kwa sauti. Jirani akikusalimu kwa uchangamfu uliopita kiasi, ulijiuliza anatafuta nini. Nilikuwa mtu wa kushuku tangu kwetu, lakini miaka ile kila mtu alikuwa hivyo, na mimi sikuona haja ya kujirekebisha.

Anguzu alipata kazi Koboko. Majengo yalikuwa yanapanda kule kwa haraka, na wakubwa walitaka maji yatoke bombani siku jengo linapofunguliwa. Alikaa huko wiki nzima na kurudi kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabomba ya chuma. Ili kiungo kisivuje, fundi huzungusha nyuzi kwenye meno ya bomba na kuzipaka kitu ambacho wenyewe walikiita dawa ya bomba, uji mzito mwekundu unaonuka mafuta ya rangi. Zamani nyuzi zilinunuliwa dukani zikiwa tayari. Duka lilipokosa, mafundi wakageukia katani, ile ya kutengenezea kamba, na katani inataka kuchanwa, kupakwa na kusokotwa kwanza. Kazi hiyo ikawa yangu.

Kabla sijaolewa nilikuwa mshonaji, na mshonaji hulowanisha uzi kwa midomo bila kufikiri. Ndivyo nilivyofanya. Jumapili baada ya ibada niliketi kwenye mkeka barazani, kopo la dawa mbele yangu, nikachovya vidole, nikapaka katani, nikaisokota juu ya paja, na ncha iliyokataa kutulia nikaipitisha midomoni. Nilifanya hivyo hadi jioni, ili Jumatatu alfajiri Anguzu aondoke na mzigo uliokamilika. Ladha ya ile dawa ilikuwa na utamu kidogo. Binti yetu, Ayikoru, alikuwa ameanza kutambaa. Nilimweka palepale mkekani, jicho langu likimfikia, na alizipenda zile nyuzi nyekundu. Alizitafuna kama watoto wanavyotafuna kila kitu.

Kazini dawa ilikaa katika pipa, na mafundi waliigawana kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Kama pipa lilikuwa na maandishi ya kuonya, maandishi hayo yalibaki Koboko. Msimamizi wao aliwaambia tu wasiipoteze, maana haijulikani nyingine itakuja lini. Kopo likiisha nililisugua kwa majivu hadi likang'aa na kulitafutia kazi nyingine. Siku zile kopo lenye mfuniko wake lilikuwa mali.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa bado limelala juu ya majani. Kwanza mdomo ulijaa ladha ya chuma, kama mtu aliyelala na msumari chini ya ulimi. Kisha choo kikagoma. Halafu yakaja maumivu yenyewe, ya kukunja, yaliyonipigisha magoti na kunifanya nikandamize tumbo juu ya mto nikilia kama mwenye uchungu wa kuzaa. Nilikwenda zahanati, nikakaa kwenye benchi la mbao na wenzangu, wakanipa dawa ya minyoo. Nilirudi, wakanipa dawa ya malaria. Mwanamke niliyeketi naye pale benchini aliniuliza nimekula kwa nani. Ndivyo tunavyoulizana pande hizi. Ukiumwa tumbo, watu hawataki kujua ulikula nini, wanataka kujua nani alikupa.

Nikafikiri, na sikufikiri kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuja kila Jumamosi, mwanawe akiwa nyumbani, na sufuria ya mboga ya kunde na ugali wa mihogo uliochanganywa na mtama. Alifuata desturi. Pande hizi anayempa mtu chakula au pombe huonja kwanza yeye, mbele ya anayepewa, ili asiwe na wasiwasi. Alimega, akatia kinywani, akameza, ndipo akanisogezea. Lakini mimi nilianza kumtazama koo. Nikaona anaonja upande mmoja tu wa sufuria, ule uliomwelekea yeye. Nikaona pia kwamba kila akija Jumamosi, mimi Jumatatu nipo sakafuni nimejikunja. Nilirudia hesabu hiyo tena na tena, na kila mara ilitoka vilevile.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilimbeba mtoto nikavuka mpaka kwenda kwetu. Mama alinichemshia majani yake, machungu kweli, akaninywesha asubuhi na jioni. Maharage yalipoanza kutoa maua, nilikuwa ninakula. Tumbo lilifunguka, usingizi ukaja, na Ayikoru akaanza kushika kigoda na kusimama. Mama aliniambia neno moja tu, kwamba nimeona mwenyewe. Nilikuwa nimeona. Nikarudi Arua na fungu la majani na hakika moyoni, na haikupita wiki nyingi maumivu yakarudi yote, na mengine juu yake.

Basi nikajilinda. Baba alikuwa amenipa chumvi kutoka upande wetu, na chumvi Arua ilikuwa kitu cha kupigania. Niliitia katika kopo mojawapo la Anguzu, nikalisukuma chini ya kitanda, nyuma ya viatu. Chumvi ya mkwe sikuigusa. Mlo wangu na uji wa mtoto nilivitia chumvi yangu mwenyewe, kidogokidogo, mlango ukiwa umefungwa. Sufuria ya mkwe niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na alipopotea barabarani nikaimwaga shimoni sehemu yangu. Anguzu alikula yake. Nilimwonya, akaniambia niache maneno. Yeye mwenyewe uso ulikuwa umekuwa wa majivu, alishinda chooni, na hasira zake zilikuwa karibu kuliko zamani, lakini alisema ni maji ya Koboko.

Katika mvua kubwa mkono wangu wa kulia ukaanza kuanguka. Sijui niseme vipi. Haukuuma. Niliunyanyua, na kiganja kikabaki kinaning'inia, hakinitii. Mwiko ulinitoka. Kuchana nywele za mtoto nikashindwa. Nilijitazama kwenye kioo cha Anguzu cha kunyolea nikamwona mwanamke mweupe wa midomo, mwenye mashavu yaliyoingia ndani, na nikaogopa. Nilichoogopa zaidi kilikuwa mkekani. Ayikoru aliacha kusimama. Alilia kwa sauti nyembamba, akatapika uji, akakaa pembeni ya ukuta akila udongo. Nilikuwa radhi nife mimi. Mtoto sikuwa radhi nimtoe.

Jumamosi moja mkwe alimnyanyua, akampima uzito kwa mikono, akanigeukia.

"Mama ya Ayikoru, nipe mimi huyu mtoto. Hii nyumba iko mbaya kwake."

"Mutoto yangu sitamupa mutu," nikamjibu. "Hata wewe."

Alinitazama kuanzia miguuni. Akamweka mtoto chini polepole, akaondoka bila kuaga. Nami nikabaki ninajiuliza amejuaje kwamba nyumba ni mbaya, kama si yeye aliyeiharibu. Jumatatu, Anguzu alipokwisha kuondoka, nilichimba kizingiti kwa mkono wa kushoto nikitafuta kilichofukiwa. Nilikuta mfupa wa mbuzi na kizibo cha soda. Mfupa niliuchoma, na kizibo nacho.

Halafu Ayikoru akashikwa na degedege. Ilikuwa Jumamosi, Anguzu amefika tu, mama yake yuko mlangoni na sufuria yake. Mtoto alikakamaa mikononi mwangu macho yakageuka, na mkono wangu mbovu haukuweza kumshika vizuri, ikabidi mkwe amdake. Hakuna aliyebishana na mwenzake. Tulipata lori lililokuwa linakwenda soko la Inde, na dereva akawatoa abiria wake wa mbele ili sisi wanawake tukae ndani na mtoto. Kwenye kizuizi askari alifungua mlango, akamtazama Ayikoru, akaufunga tena bila kuuliza karatasi. Yale mawili nayakumbuka kuliko maumivu yote ya mwaka ule.

Tuliteremka Kuluva, kwenye hospitali ya misheni. Mtoto walimchukua mara moja, degedege likatulia, na sisi tukaambiwa tusubiri barazani. Mimi nilikaa mwisho huu wa benchi, mkwe mwisho ule, katikati yetu watu na vikapu vyao. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Jua lilikuwa limefika miguuni kwetu tulipoitwa.

Aliyetupokea alikuwa muuguzi, mama mtu mzima wa palepale, mwenye tochi mfukoni. Aliniambia nifungue mdomo. Alinivuta mdomo wa chini akamulika ufizi, akakaa hapo muda mrefu, kisha akaenda kumwangalia mtoto, vijino vyake vichache, akarudi. Akamwambia Anguzu naye afungue, ingawa Anguzu alisema yeye amekuja kusindikiza tu. Baadaye alinionyesha kwa kioo: mstari wa bluu, mwembamba, unaofuata meno pale yanapoota.

"Hii iko sumu," alisema. "Nyinyi watatu munakula sumu."

Sikumngoja amalize. Niligeuka kwa mkwe nikiwa na kila neno tayari, maneno ya tangu kiangazi. Nikamkuta amekwisha kusimama na kidole chake kipo usoni pangu.

"Mimi ndio nilijua," alimwambia muuguzi. "Hii mwanamke ya Kongo iko namaliza mtoto yangu polepole. Kwa nini mimi natembea kila Jumamosi na sufuria? Mtoto yangu akule kitu safi, hata mara moja kwa wiki."

Katika kushuku kwangu kote sikuwahi kufikiri kwamba yeye naye ananishuku. Jumamosi zote zile nilidhani anakuja kuniua, kumbe anakuja kumwokoa mwanawe asife mikononi mwangu. Anguzu aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili.

Muuguzi alituacha tuishiwe pumzi. Alimfungua mkwe mdomo, akamulika ufizi na meno yaliyobaki. Ufizi ulikuwa safi. Nikasema kimoyomoyo kwamba bila shaka ni safi, mtia sumu hali sumu yake. Lakini muuguzi alikuwa ameshanishika ule mkono ulioning'inia, akaugeuza, akachokonoa chini ya ukucha kwa njiti ya kiberiti. Njiti ilitoka nyekundu.

"Hii nini?"

Nikamwambia ni dawa ya bomba. Akauliza nani anaipaka, nikasema mimi. Akauliza kama inafika mdomoni, na hapo nilitaka kuuvuta mkono wangu, maana nilianza kuhisi ninakokotwa mahali nisipopenda. Anguzu ndiye aliyejibu. Alisema mke wake hupitisha uzi mdomoni, na yeye pia hufanya hivyo kazini, na wenzake wote. Muuguzi akatuambia kwamba rangi ile nyekundu ni madini ya risasi, yale mazito wavuvi wanayofunga kwenye nyavu, kwamba huingia kwa mdomo kidogokidogo kila siku, na yakishaingia mwilini hayana haraka ya kutoka.

Sikumwamini. Yeye alikuwa mtu wa pande hizi, pengine ni ndugu wa mkwe, nani ajuaye. Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona kwetu Aru nilipona, na mbona kila mkwe akija ninaugua.

"Kule kwenu ulisokota uzi?" aliniuliza.

Sikuwa nimesokota hata mmoja. Nililazwa, na siku iliyofuata nilishinda kitandani nikizihesabu upya zile Jumamosi. Mkwe alikuja Jumamosi kwa sababu mwanawe alirudi Jumamosi. Mwanawe aliporudi alileta kopo jipya. Jumapili nilisokota, Jumatatu nikaanguka. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimemweka mtu mahali pa kopo. Nilihesabu hivyo nikiwa na hasira, kwa sababu chuki niliyoilea muda wote ule haikutaka kutoka kwa siku moja.

Sindano za kuitoa hiyo sumu zilitoka mbali na hazikuwa nyingi. Walianza na Ayikoru. Zilikuwa sindano za matakoni, na kila alipomwona mtu mwenye nguo nyeupe alijificha kifuani kwangu. Zilimsaidia. Zilipokwisha, muuguzi aliniambia ambalo nilikuwa ninaliogopa: mtoto aachishwe ziwa langu, na asirudi katika ile nyumba yenye vumbi jekundu. Mimi nilipaswa kubaki, sindano zangu zilikuwa hazijafika. Kwa mama yangu hakukufikika, mwezi ule mpaka ulikuwa umebanwa na njia zimejaa askari. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kumpeleka, na kila mtu barazani alipajua.

Mkwe alikuja asubuhi na kitambaa cha kumbebea. Nilimkumbatia mtoto kwa kiwiko, maana kiganja kilikuwa bado hakishiki kitu.

"Mutoto akikufa, nitajua ni nani," nilimwambia.

"Akikufa, mimi pia iko nakufa," akasema. "Lete."

Sikumleta. Nilishindwa kuachia. Basi alichukua kikombe cha uji wa mtoto kilichokuwa mezani, akachovya kidole, akalamba, akameza, kisha akanifungulia mdomo wake wote na kuniinulia ulimi, kama mtoto anayemwonyesha mama kwamba kidonge kimekwenda.

"Nitaonja kila siku," alisema. "Hata kama wewe hauko."

Nikamwachia. Walipoondoka nilifunika uso kwa shuka nikalia hadi mwenzangu wa kitanda cha pili akaja kukaa nami.

Sindano zangu zilikuja mtama ulipokuwa unakomaa. Nilipewa kwa vipindi, nikapumzishwa, nikapewa tena, na kila kipindi kiliniacha siwezi kukalia upande mmoja. Anguzu naye walimpa vidonge na kumkataza kazi kwa muda, akakaa kwa mama yake na kuja Jumapili kwa baiskeli. Nilimhoji kama askari wa kizuizini. Mtoto anasimama? Choo chake kina rangi gani? Nani anapika uji? Alijibu ovyo kama wanaume wanavyojibu, na nikashuku ameambiwa afiche. Siku moja aliniambia amechoka kuwa kati ya wanawake wawili wanaopimana, akaondoka mapema. Nilimchukia kwa hilo, na Jumapili iliyofuata nilikuwa dirishani tangu asubuhi nikimngoja.

Hospitali haikupika, kila mgonjwa alilishwa na wake. Mkwe alinitumia chakula kwa mwanamke aliyepita kwenda kuuza Inde. Mara za kwanza nilimpa mwenzangu wa kitanda cha pili, nikamtazama kwa makini siku nzima. Alinenepa. Ndipo nikala, nikiwa na njaa na aibu, na ilikuwa mboga ya kunde iliyopikwa vizuri kabisa. Nina mengi ya kumshukuru yule mwenzangu. Ndiye aliyenisuka nywele, na ndiye aliyepiga kelele wauguzi waje asubuhi ile kiganja changu kilipoinuka chenyewe, kidogo tu, kama jani linalopata maji.

Nilirudi kiangazi kilipoanza. Sikupitia mjini, nilikwenda moja kwa moja Ayivu. Ayikoru alikuwa uani, amesimama, ameshika kinu. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alinitazama, kisha akatambaa haraka kwenda kujificha nyuma ya bibi yake. Nilikuwa nimeomba siku zote nimkute hai, na nilipomkuta hai nikaona wivu. Zilipita siku nyingi kabla hajakubali kulala kwangu. Alichelewa kutembea na kuongea, na hadi leo huwa anasimama katikati ya sentensi kutafuta neno. Sijui kama ni kwa sababu ya ule mkeka. Hilo ndilo linaloniuma, na hakuna mtu wa kuniambia.

Nyumba ya mjini tuliisafisha sote watatu. Tulipangusa sakafu kwa maji, kwa sababu muuguzi alikataza kufagia vumbi lile likiwa kavu. Mkeka tuliutupa, makopo tukayatupa katika choo cha shimo. Nilipofikiri tumemaliza, mkwe aliniuliza kama nimesahau lile la chini ya kitanda. Nilisimama nikamtazama. Alilijua tangu zamani. Alikuwa ameliona siku moja akifagia, akaamua kwamba humo ndimo ninamofichia kitu ninachomlisha mwanawe. Nililitoa, tukaitazama chumvi yangu ikiwa na wekundu hafifu kando kando, pale mfuniko unapobana, ambapo majivu hayakufika. Mimi nilikuwa nimekosea kumhusu yeye kwa kila kitu, na yeye kuhusu lile kopo alikuwa amepatia. Alilitupa mwenyewe.

Anguzu alirudi kazini, kwa kuwa tulihitaji kula, lakini alibadilika. Alipaka dawa kwa kijiti. Hakula wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni, na sabuni ilipokosekana alijisugua kwa mchanga na majivu hadi kucha zikawa nyeupe. Ovaroli aliiacha Koboko. Nyuzi alisokota mwenyewe, kule kule, kwa maji ya kopo na si mate, na hakuna kopo lililovuka tena mlango wetu. Wenzake walimcheka, wengine hadi walipoanza kujikunja. Kama nyumbani kwenu yuko mtu wa kazi hiyo, mfungue mdomo umulike, mtoto pia, na usikubali kuambiwa ni maji. Sikwambii uache kushuku. Mimi sijaacha, na wakati mwingine kushuku kunamweka mtu hai. Anza tu na kopo, na mikono yako mwenyewe, kabla hujafika kwa watu.

Vita vilipofika kwetu mwaka wa sabini na tisa tulikimbia na wengine wote, tukavuka kwenda Aru. Mkwe alitembea njia nzima kwa miguu, ameshika mkono wa Ayikoru. Sasa yeye ndiye alikuwa mgeni. Aliingia kwa mama yangu na furushi lake, na mama, ambaye nilikuwa nimemjaza hadithi za miaka mingi, akamtazama kuanzia miguuni kwenda juu. Mkwe aliona. Aliketi pembezoni mwa ukuta, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

Nilipika mwenyewe. Nilimletea bakuli mbele ya watu wote, nikapiga goti, na kama desturi inavyotaka nikapeleka vidole nimege, nionje kwanza, ili asikae na wasiwasi nyumbani kwa watu. Alinidaka kifundo cha mkono kabla sijagusa ugali. Akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga wa mlangoni, akakagua kucha, moja moja, bila haraka, mama yangu akitazama. Kisha akataka mkono mwingine.

"Iko safi," alisema.

Akavuta bakuli kwake, akaanza kula bila kunisubiri nionje.